Jinsi ya kupanda klivia kwenye kona yenye kivuli, na kuishi salama na sumu yake

Chini ya mparachichi mkubwa nyasi hazishiki, waridi hurefuka bila kutoa ua, na kila mwaka mwenye bustani hununua miche mipya inayokufa kabla masika mengine hayajafika. Kona kama hiyo ndiyo makao ya klivia. Mmea huu, ambao jina lake la kisayansi ni Clivia miniata, asili yake ni sakafu ya misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini na Eswatini, ambako jua hufika ardhini kwa vidoa tu. Majani yake yana kijani kilichokolea, mapana kama mkanda, urefu wa sm 40 hadi 60, na hayapukutiki msimu wowote. Mara moja kwa mwaka, katikati ya majani huchomoza bua moja nene lenye maua 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi, ya rangi ya chungwa yenye koo la njano. Ukiuweka mahali pake na kuuacha, utakaa hapo kwa miaka mingi.

Lakini una sumu, kuanzia mizizi hadi mbegu. Sumu hiyo ndiyo inayoamua upande wapi na usipande wapi, kwa hiyo imetangulizwa humu kabla ya habari za udongo na mbolea.

Hali ya hewa yako inaufaa?

Klivia haitengenezi maua mazuri bila majuma kadhaa ya ubaridi. Inahitaji usiku wa nyuzi 10 hadi 13 hivi kwa muda wa wiki 4 hadi 8, ikiwa kavu kiasi, ndipo bua liinuke vizuri. Nyanda za juu za Afrika Mashariki hutoa baridi hiyo bure kati ya Juni na Agosti: Nairobi, Limuru, Nyeri, Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya, Kabale. Huko klivia huchanua kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mahali penye sakitu, kama sehemu za Njombe na Kinangop, ipande chini ya mti wenye majani mengi au karibu na ukuta wa nyumba, maana barafu ya alfajiri moja huunguza majani yote yakawa kama yamechemshwa.

Pwani ni habari nyingine. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja usiku wa Julai bado ni wa joto mno. Mmea utaishi, majani yatapendeza, ila maua yatakuwa ya kubahatisha, na mara nyingi yatafungukia chini katikati ya majani. Kwa mkaaji wa pwani ushauri wa kweli ni kupanda ndugu yake wa hapa hapa, Scadoxus multiflorus, anayemea mwituni Kenya na Tanzania na kutoa mpira mmoja mwekundu wa vijiua vingi mvua zinapoanza. Naye hupenda kivuli, ila majani yake hufa wakati wa kiangazi na tunguu hubaki limelala ardhini. Tunguu lake lina sumu kali. Katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Tahadhari zote zilizo hapa chini zinalihusu pia.

Walioko Ulaya au Amerika Kaskazini huiweka klivia ndani ya chungu. Iingizeni ndani kabla ya barafu ya kwanza, na muiweke kwenye chumba kisichowashwa hita, chenye mwanga na nyuzi 10 hadi 13, kuanzia Novemba hadi Januari. Sebule yenye joto mwaka mzima ndiyo sababu ya kwanza ya klivia nyingi za huko kutochanua.

Sumu yenyewe, na mahali pa kuiweka

Sumu kuu inaitwa likorini. Iko kwenye majani, maua, matunda na mizizi, na imejaa zaidi kwenye tunguu, lile shina nene fupi lililo usawa wa udongo. Aliyetafuna kipande kidogo kwa kawaida hutokwa na mate mengi, huhisi kichefuchefu, hutapika, huumwa tumbo na kuharisha. Aliyekula kiasi kikubwa anaweza kushuka shinikizo la damu na kupata degedege. Mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe na sungura hudhurika vilevile. Utomvu nao huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Hatari kubwa nyumbani ni matunda. Baada ya maua, bua hubaki limesimama na kubeba matunda madogo ya duara ambayo huiva yakawa mekundu, yanang'aa, ukubwa wa nyanya ndogo kabisa, na yananing'inia kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Yeye hana namna ya kujua kwamba hizo si nyanya. Kama huna haja ya mbegu, kata bua zima kwa kisu mara tu maua yanaponyauka, sm 5 juu ya mahali linapotokea. Hapo umeondoa hatari, na mmea umebakiwa na nguvu ya kutengenezea maua ya mwaka unaofuata badala ya kulisha matunda kwa miezi tisa.

Chagua mahali ukikumbuka mambo manne:

- Usipande kando ya kitalu cha mboga. Klivia changa inafanana na liki, na anayetumwa kutoka jikoni kuchuma kitu jioni gizani hatachunguza.
- Usipande kwenye ua wanakozunguka mbuzi, wala karibu na banda la sungura.
- Kama nyumba ina mtoto anayetambaa, iweke nyuma ya mimea mingine au nyuma ya uzio mdogo, hadi afikie umri wa kuelewa anapokatazwa.
- Waambie wote wanaofanya kazi bustanini, hasa anayekata majani na kuwapelekea mifugo. Wanyama wengi hudhurika kwa majani yaliyokwisha kukatwa na kurundikwa pamoja na nyasi nzuri.

Vaa glavu kila unapokata, unapogawa au unapomenya matunda. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, na uoshe kisu, ambacho kisiwe kile cha jikoni. Masalia ya matunguu yafukie kwenye shimo la nusu mita. Maji ya chombo ulichowekea maua ya kukata yamwage. Usiyaache paka akayanywa.

Mtu akila, mtoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji, na mwende hospitali mkiwa na jani au tunda mkononi ili daktari aone ni mmea gani. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa ukidhani yatakata sumu; imani hiyo imeenea sana kwetu, na hayaifuti sumu hii. Aliye macho kabisa anaweza kunywa maji kidogo kidogo njiani. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Afrika Kusini klivia hutumika kwenye dawa za jadi. Wasio na ujuzi huo wasijaribu, kwa kuwa kiasi cha sumu ndani ya tunguu moja hakijulikani kwa kulitazama.

Kivuli cha aina gani

Watu huambiwa "panda kivulini" na hawaambiwi kivuli kipi. Fanya jaribio hili saa sita mchana, siku isiyo na mawingu: nyoosha mkono wako juu ya mahali unapotaka kupanda, kama nusu mita kutoka ardhini. Kivuli cha mkono kikionekana na kingo kali, jua limezidi. Kikionekana hafifu, kingo zimefifia, hapo ndipo. Kisipoonekana kabisa, klivia itatoa majani mazuri lakini maua machache. Pogoa matawi mawili matatu ya juu uingize mwanga.

Jua la asubuhi hadi saa tatu halidhuru. Jua la alasiri huunguza: jani hupauka kwanza kama limemwagiwa maziwa, kisha doa hugeuka kahawia na kukauka, na halirudi tena.

Kuna kosa linalotokana na kusoma miongozo ya Ulaya, inayosema upande ndani ya kivuli cha ukuta wa kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana la Nairobi liko upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi liko kusini. Ukuta wa kusini wenye kivuli kizuri mwezi wa Julai utapigwa na jua Desemba na Januari, miezi ambayo jua ni kali. Kwa hiyo usiuamini ukuta peke yake. Amini mti, ukumbi wenye paa, au neti ya kivuli ya asilimia 70 hadi 80.

Mti mzuri ni ule ambao mizizi yake haijajaa juu ya ardhi: mwembe, mgrivilea uliokomaa. Mkaratusi haufai, hunyonya maji yote. Chini ya mti wenye mizizi mingi ya juu, tumia vyungu badala ya kuchimba.

Udongo

Mizizi ya klivia ni minene kama kidole kidogo, meupe, yenye ngozi laini kama sifongo inayoshika maji. Ukiikata utaona ndani ina uzi mwembamba katikati na nyama nene pembeni. Mizizi ya namna hii huhifadhi maji yake yenyewe na huhitaji hewa. Kwenye udongo uliolowa na kushikamana hukosa hewa, ngozi huoza na kuvuka kama soksi, uzi ukabaki.

Chimba shimo la upana wa sm 30 na kina cha sm 25, lijaze maji, subiri yaishe, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya saa moja, usipande hapo ardhini. Inua tuta la sm 20 hadi 25 kwa mawe au matofali na ulijaze mchanganyiko. Udongo mweusi unaonata, kama ule wa sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Nairobi, unahitaji tuta karibu kila mara. Udongo mwekundu wa Limuru, Kikuyu na miteremko ya Meru na Kilimanjaro kwa kawaida hupitisha maji vizuri.

Mchanganyiko wa tuta au chungu, kwa debe:

- madebe 2 ya mboji ya majani yaliyooza kabisa, au magome ya miti yaliyosagika na kuoza;
- debe 1 la mchanga mkubwa wa mto au kokoto ndogo za volkano;
- debe 1 la udongo mzuri wa juu;
- nusu debe la chenga za mkaa.

Samadi mbichi ni mwiko, na hata iliyooza isizidi robo debe. Maganda ya kahawa yanafaa kama yamekaa rundoni zaidi ya mwaka. Mabichi huchemka na kuunguza mizizi. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie.

Kupanda

Nunua mche wenye majani yasiyopungua manane, na ushike shina lake kwa chini: liwe gumu, lisibonyee. Mche wenye majani 12 au zaidi mara nyingi huchanua mwaka unaofuata. Kama unataka rangi maalumu, nunua wakati umechanua, maana wauza miche wengi wana mchanganyiko na hawajui ni upi. Za njano ni ghali kuliko za chungwa kwa sababu ni adimu.

Wakati mzuri ni mara baada ya maua kwisha, Oktoba au Novemba, mvua za vuli zikianza. Mahali penye msimu mmoja wa mvua, kama Mbeya na Iringa, panda Novemba hadi Desemba.

Tandaza mizizi shimoni bila kuikunja kwa nguvu. Ni rahisi kuvunjika, na kila iliyovunjika ni mlango wa uozo. Rudisha udongo ukiutikisa uingie katikati ya mizizi, usiushindilie kwa mguu. Shingo ya mmea, pale majani yanapoachana na tunguu, iwe usawa wa udongo au juu yake kidogo. Kosa linaloua klivia nyingi kuliko wadudu wote ni kuifukia shingo. Mmea huyumbayumba siku za kwanza, mwenye nyumba huongeza udongo ili usimame, na baada ya mvua mbili majani ya katikati yananyofoka mkononi yakinuka. Ukiyumba, uegemeze kwa vijiti viwili.

Acha sm 45 kati ya mche na mche. Panaonekana patupu mwanzoni, lakini ndani ya miaka minne majani yatakutana. Tandaza majani makavu unene wa sm 5, ukiyasogeza mbali na shingo kwa upana wa vidole vitatu. Kuku hupenda kuchakura matandazo haya na kuacha mizizi wazi, kwa hiyo wazuie.

Kwenye chungu, chagua kinachoiacha mizizi na nafasi ya sm 2 hadi 3 tu pande zote. Klivia iliyobanwa kidogo huchanua vizuri kuliko iliyopewa chungu kikubwa, ambamo udongo usio na mizizi hukaa na maji na kuchacha. Hamisha kila baada ya miaka mitatu au minne, mizizi ikianza kuinua mmea juu ya ukingo.

Mwaka wa klivia

Kuanzia Oktoba hadi Aprili mmea unakua. Wiki isiyo na mvua mpe lita 2 hadi 3 kwa mmea mkubwa wa ardhini. Wa chungu mpe maji pale udongo unapokauka sm 3 za juu. Mwagilia pembeni, kwenye mizizi, usiyamimine katikati ya majani, maana maji yanayotuama humo huozesha. Mbolea ya NPK 17-17-17 kijiko kimoja cha chai kwa mmea mkubwa, ikizungushwa sm 15 kutoka shingoni na kumwagiliwa papo hapo, inatosha mara moja Novemba na mara moja Machi. Kwenye chungu weka nusu ya hapo. Urea iache kabisa: italeta majani marefu, laini, yanayolala, na maua machache.

Mei simamisha mbolea. Juni na Julai punguza maji hadi mara moja kwa wiki tatu, na ya chungu iwekwe penye baridi zaidi ya bustani, nje ya mvua. Hapa ndipo mtu mwenye huruma huharibu. Majani hulegea kidogo, rangi hupoa, naye anakimbilia keni ya maji. Mwache mmea ulale. Kikombe kimoja cha maji kinatosha majani yakilegea sana.

Mwishoni mwa Julai au Agosti, fungua majani ya katikati kwa vidole utazame chini. Utaona ncha bapa ya kijani, pana kuliko jani changa, imebanwa upande mmoja wa katikati. Hilo ndilo bua. Usiongeze maji hapo. Subiri lifikie sm 10 hadi 15, ndipo urudie kumwagilia kama kawaida. Na chungu usikigeuze wakati bua linakua. Huinamia mwanga na kupinda.

Bua likikwama

Malalamiko ya kawaida ni kwamba maua yamefunguka yakiwa chini kabisa, yamebanwa na majani. Mara nyingi sababu ni baridi haikutosha au ilikuwa ya siku chache. Mwakani sogeza chungu nje usiku kwa wiki sita mfululizo. Sababu nyingine ni maji: mmea ulimwagiliwa muda wote wa kulala, au ulikosa maji bua lilipokwisha kuanza kupanda. Bua lililokwama mwaka huu unaweza kulisaidia kidogo kwa kusogeza mmea penye ubaridi na kuumwagilia vizuri, lakini likishafungua maua halitainuka.

Kama hakuna bua kabisa, hesabu majani. Chini ya 10, bado mdogo. Majani yakiwa mengi na hakuna ua kwa miaka miwili, chunguza mwanga kwanza, kisha mbolea ya naitrojeni, kisha jiulize kama uliuhamisha hivi karibuni. Klivia iliyohamishwa au kugawanywa mara nyingi hususa kuchanua mwaka mmoja.

Kugawa

Kila mmea mkubwa huzaa watoto pembeni. Usiwe na haraka nao: fungu la mimea minane likichanua pamoja lina uzuri ambao mche mmoja mmoja haufikii. Gawa pale tu maua ya katikati yanapoanza kupungua, au unapotaka kuongeza eneo.

1. Chagua baada ya maua, siku kavu. Vaa glavu. Paka kisu spiriti.
2. Chimba duara sm 25 kutoka kwenye majani kwa uma wa bustani, kisha inua fungu zima. Sepeto hukata mizizi.
3. Tikisa udongo na umwagie maji hadi uone mizizi nyeupe inatokea wapi. Inasokotana kama kamba. Ifumue kwa vidole, polepole. Kazi hii inaweza kuchukua nusu saa kwa fungu moja, na haipunguzwi.
4. Tafuta mtoto mwenye majani manne au zaidi na mizizi yake mwenyewe mitatu au zaidi. Mshike chini na umzungushe kidogo. Wengi hujiachia wenyewe kwa mlio mdogo. Asiyeachia, kata kiungo chembamba kati yake na mama.
5. Paka unga wa mkaa kwenye vidonda vya pande zote mbili, na uwaache kivulini siku mbili hadi vikauke.
6. Panda kama ilivyoelezwa, kisha ngoja siku nne kabla ya kumwagilia.

Mtoto mwenye ukubwa huo huchanua baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Asiye na mizizi mrudishe kwa mama kama bado hajakatika. Akiwa peke yake kwa kawaida huoza.

Kwa mbegu

Njia hii ni ya mwenye subira, kwani ua huja baada ya miaka mitatu hadi mitano. Matunda hukomaa kwa miezi 9 hadi 12: ya mmea wa maua ya chungwa huwa mekundu, ya mmea wa njano huwa ya njano. Chuma likianza kulainika, na upande juma hilo hilo, kwa sababu mbegu ikikauka hufa.

Menya ukiwa na glavu. Ndani kuna mbegu moja au kadhaa, rangi ya lulu, kubwa kuliko mbaazi, zimefunikwa ngozi nyembamba inayoteleza. Zioshe kwa maji yenye tone la sabuni na uitoe ngozi hiyo yote kwa kucha, kwani nyama ya tunda ikibaki huleta ukungu. Kila mbegu ina jicho dogo, doa la duara ambapo mzizi utatokea. Ikandamize mbegu kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga nusu kwa nusu, nusu yake ibaki wazi, jicho likitazama upande. Chombo kiwe na kina cha sm 12. Kifunike kwa plastiki safi, kiweke kivulini penye joto la nyuzi 20 hadi 25.

Mzizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Mara nyingine, badala ya kuingia ardhini, huisukuma mbegu juu na kuning'inia hewani. Toboa tundu kwa kijiti na uuelekeze humo. Jani la kwanza likitokea, tazama kitako chake: chenye rangi ya zambarau au wekundu kwa kawaida kitatoa maua ya chungwa, na chenye kijani kitupu kina nafasi kubwa ya kutoa ya njano. Hivyo unaweza kuchagua miche miaka minne kabla ya kuona ua.

Magonjwa na wadudu

Uozo wa shingo unanuka kabla haujaonekana. Jani la katikati likivutwa kwa vidole viwili na kunyofoka bila ubishi, ng'oa mmea siku hiyo hiyo. Kata sehemu yote laini ya kahawia hadi ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, ukikipaka kisu spiriti kila baada ya mkato. Paka unga wa mkaa au dawa yenye shaba kutoka duka la pembejeo, uanike kivulini juma zima, kisha panda kwenye mchanga mtupu wenye unyevu kidogo. Tunguu lililobaki na nusu yake huweza kuchipua watoto hata kama jicho la katikati limekufa.

Vidung'ata hujificha mahali jani linapokumbatia shina, wakionekana kama pamba. Wafute kwa kitambaa chenye spiriti, au pamba iliyofungwa kwenye kijiti kwa sehemu zisizofikika, urudie kila wiki kwa wiki nne kwa kuwa mayai hayafi mara moja. Angalia pia mizizi unapohamisha chungu. Wapo wanaokaa chini. Konokono hula machipukizi ya bua usiku, na tundu moja kwenye bua changa hubaki kovu hadi maua yafunguke, hivyo kuanzia Agosti pita na tochi saa mbili usiku uwaokote.

Adui mkali ni kiwavi mweusi mwenye mikanda ya njano au nyeupe, anayeshambulia jamii hii ya maua karibu Afrika nzima. Sumu inayomdhuru mbuzi haimzuii yeye. Nondo hutaga mayai kwa kundi kwenye jani, na viwavi wachanga huingia ndani ya jani wakila nyama ya kati, hivyo dalili ya kwanza ni vidirisha vyeupe vinavyopenyeza mwanga. Likate jani hilo na ulichome au kulifukia siku ile ile. Wakiachwa hushuka kwenye tunguu, na ndani ya wiki moja fungu lote huporomoka na kuwa ute. Wakionekana wengi, nyunyiza dawa ya bakteria aina ya Bt jioni, ukilowesha hadi katikati ya majani kwa mara hii tu, na urudie baada ya siku saba. Msimu wa mvua kagua kila siku ya tatu, ukigeuza jani moja moja na kutazama upande wa chini.